Mcheza Kwao Hutunzwa? Mambo ya Kijamii katika Malezi ya Vipaji vya Kandanda ya Vijana kwenye Njia ya Tabora

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii, ambayo uwanja wake wa asili ni ngoma, imejengwa juu ya kitenzi chenye maana mbili. Kutunza ni kumpa mchezaji tuzo mbele ya watu. Na kutunza ni kumwangalia mtu au kitu kwa uangalifu ili kisiharibike. Katika uwanja wa ngoma maana hizi mbili hazitengani. Wanaomtuza mchezaji ni walewale waliomwona akijifunza, wakamsahihisha alipokosea na wakamvumilia alipokuwa bado hajui.

Katika kandanda ya vijana ya magharibi mwa Tanzania, methali hii inaelekea kupingwa na kitenzi kingine, nacho ni kutoka. Siku hizi kijana aliyefanikiwa katika mchezo au muziki husemwa kuwa "ametoka". Kwa kijana wa Tabora, Urambo, Kaliua au Ujiji, kitenzi hiki kina maana ya wazi kabisa: kufanikiwa ni kuondoka. Asiyeondoka hahesabiwi kuwa amefanikiwa, hata awe hodari namna gani.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo ya kijamii yanayoamua kama uwezo wa mtoto katika kandanda utakua au utadumaa, kwa kuangalia eneo lililo kwenye njia ya zamani ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Ushahidi unaotumiwa ni wa aina tatu: historia ya eneo lenyewe, taratibu za mashindano ya vijana, na msamiati ambao Waswahili wenyewe wameuunda kuzungumzia mchezo huu. Hoja yetu kuu ni kwamba kipaji cha kandanda hakikai ndani ya mtoto kikingoja kuonekana. Hujengwa polepole na familia, rika, shule, na hata karatasi za serikali. Kwa hiyo mipango inayojishughulisha na kuibua vipaji tu, bila kuvilea, huishia kuchagua wale ambao jamii ilikwisha kuwapendelea.

2.0 Kipaji na vitenzi vyake

Kiswahili kina maneno matatu makuu kwa dhana hii. Kipaji kinahusiana na kitenzi kupa, sawa na neno mpaji. Kipawa kimetokana na kupawa, yaani kupewa. Karama ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya heshima na neema itokayo kwa Mungu. Maneno yote matatu yanakubaliana katika jambo moja: mwenye uwezo amepewa. Hakuna hata moja linalomtaja aliyefundisha, aliyelisha, wala aliyemruhusu mtoto kwenda uwanjani.

Jambo hili lisingekuwa na uzito kama lingebaki katika kamusi. Lakini jina huchagua kitenzi chake. Katika hotuba za viongozi, taarifa za vyama vya michezo na magazeti, kitenzi kinachoandamana na kipaji mara nyingi ni kuibua. Kuibua ni kukitoa juu kitu kilichozama, kama afanyavyo mzamiaji. Anayeibua hahitaji kukitengeneza kitu chenyewe. Anachohitaji ni kujua kilipo. Ndiyo maana kazi ya kuibua huonekana kuwa inaweza kumalizwa katika mashindano ya wiki moja au mbili. Kitenzi cha pili, kukuza, hutumiwa pia, lakini kwa kawaida hutajwa baada ya kuibua. Kitenzi cha tatu, kulea, ambacho ndicho Mswahili hukitumia kwa mtoto, ni nadra kusikika katika taarifa za kandanda. Kulea huhitaji miaka, nyumba na watu wanaofahamika kwa majina.

Utafiti wa kisaikolojia na elimu unaunga mkono kitenzi hiki cha tatu. Katika kitabu kilichohaririwa na Benjamin Bloom mwaka 1985, ambacho kilifuatilia maisha ya wanamuziki, wanamichezo na wanasayansi waliofikia ubingwa, ilionekana kwamba miaka ya mwanzo ilikuwa ya mchezo na furaha chini ya walimu wa karibu na nyumbani. Ericsson na wenzake (1993) walionyesha kwamba ubingwa hufuatana na miaka mingi ya mazoezi yenye makusudi. Jean Côté (1999) akaeleza jinsi familia inavyobadili wajibu wake kadiri mtoto anavyokua: kwanza humpa nafasi ya kucheza michezo mingi, kisha humsaidia kuchagua, na mwishoni humbebea gharama. Mawazo haya yaliundwa katika jamii za Marekani na Ulaya, na hayawezi kuhamishiwa Tabora yalivyo. Hata hivyo, yanatupatia swali linalofaa kuulizwa popote: ni nani anayebeba nini, na kwa muda gani, ili mtoto mmoja ajue mpira?

3.0 Njia ya misafara kama shule ya malezi

Swali hilo la nani anabeba nini si geni kwa Unyamwezi. Katika karne ya 19 njia iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika Kazeh katika Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kazi ya kubeba pembe, nguo na shanga katika njia hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wanyamwezi, na ikawapatia sifa ya kuwa mabingwa wa upagazi katika Afrika ya Mashariki.

Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, aliona kwamba miongoni mwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume. Alieleza pia kwamba watoto wa miaka sita au saba walikuwa wakibeba pembe ndogo mabegani. Habari hii ya msafiri inapaswa kusomwa kwa tahadhari inayostahili maandishi ya wakati wake, lakini yaliyomo ni ya thamani kwa mjadala wetu. Hakuna aliyengoja mtoto afike miaka kumi na saba ndipo ashindanishwe ili ijulikane kama anaweza kubeba. Alipewa mzigo uliolingana na mwili wake, mbele ya wakubwa waliokuwa wakifanya kazi ileile. Ubingwa wa upagazi haukuibuliwa, ulilelewa.

Jambo la pili kuhusu upagazi ni kwamba ulikuwa na safari mbili. Vijana wengi waliondoka wakati wa kiangazi na kurejea kulima mvua zilipokaribia. Walirudi na nguo, na habari za pwani. Kutoka kulikamilishwa na kurudi, na heshima ya msafiri ilitolewa kijijini kwake. Njiani nako kulikua utani baina ya makabila, ambao uliwapatia wageni chakula, mazishi na haki ya kutaniana. Si ajabu kwamba neno hilohilo la utani ndilo leo linaloeleza ushindani wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936: vilabu hivyo huitwa watani wa jadi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1928 tawi la kuelekea kaskazini likafika Mwanza. Kwa hiyo Tabora ikawa njia panda ya reli kama ilivyokuwa njia panda ya misafara. Mchezo wa mpira uliingia katika mji uliokwisha kuzoea wageni, ngoma za mashindano na makundi ya vijana yenye majina na vyeo. Ngoma ya beni, iliyoenea kutoka pwani hadi bara mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa imewafundisha vijana wa mijini kuunda chama, kuchanga fedha na kushindana na chama kingine. Uwezo huo wa kujiunda ndio hadi leo unaoendesha timu za mitaani.

4.0 Mambo ya kijamii yanayounda kipaji

4.1 Rika na uwanja wa mchangani

Mtoto wa Kitanzania huanza mpira katika chandimu, yaani mchezo wa watoto usio na mwamuzi, kwa mpira wa matambara, makaratasi au soksi uliofungwa kwa kamba. Baadaye hupanda kwenda soka la mchangani, na ndondo, ambayo ni mashindano ya mitaa yenye mdhamini, zawadi na watazamaji wengi. Msamiati huu unaonyesha ngazi zilizo wazi, ingawa hazimo katika katiba ya chama chochote.

Chandimu ina faida ambazo makocha wa kisasa hujaribu kuzitengeneza kwa gharama. Nafasi ni ndogo, mpira haudundi sawasawa, na wachezaji ni wa umri tofauti, hivi kwamba mdogo hulazimika kutumia akili pale asipoweza kutumia nguvu. Côté na wenzake (2006) walipochunguza mahali walipozaliwa wanamichezo wa kulipwa wa Marekani na Kanada, waligundua kwamba miji yenye watu chini ya 500,000 ilitoa wanamichezo wengi kuliko ilivyotarajiwa, na miji mikubwa zaidi ikatoa wachache. Miongoni mwa sababu zinazotolewa ni nafasi ya kuchezea na watu wanaofahamiana. Manispaa ya Tabora, ambayo katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu wapatao 227,000, inaingia katika kundi hilo la miji. Kwa kipimo hiki mji huu una sharti la mwanzo la kulea wachezaji.

Upungufu wake unaanza baada ya chandimu. Ngazi ya ndondo inatawaliwa na matokeo ya siku hiyo. Mwenye timu aliyetoa fedha anataka kombe, naye huleta wachezaji waliokwisha kuiva kutoka mitaa mingine. Kijana wa miaka 14 au 15, aliyepita umri wa chandimu na hajawa na mwili wa ndondo, hubaki pembeni ya uwanja akiokota mipira. Miaka hiyo mitatu au minne ndiyo pengo ambalo wengi hupotelea.

4.2 Familia na kalenda ya kazi

Nje ya manispaa, sehemu kubwa ya mkoa wa Tabora, ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu wapatao milioni 3.4, huishi kwa kilimo. Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge zao la fedha ni tumbaku. Tumbaku haina mapumziko marefu. Vitalu vya miche hutayarishwa kabla ya mvua. Miche hupandikizwa mvua zinapoanza. Majani huchumwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha hukaushwa kwa moto katika mabani na kupangwa kwa madaraja kabla ya kupelekwa sokoni. Kila hatua inahitaji mikono mingi kwa wakati mmoja, na mikono iliyo karibu ni ya watoto wa nyumbani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtoto wa miaka 13 katika kijiji cha Urambo. Kuanzia Novemba hadi Aprili jioni zake ni za shamba na bani. Anapata muda wa mpira kuanzia Mei, wakati ambapo mashindano ya shule yanakaribia. Mwenzake wa mjini, mtoto wa mfanyakazi wa reli au mfanyabiashara, amecheza miezi yote hiyo. Wakikutanishwa katika mchujo wa siku moja, anayechagua ataona kwamba wa mjini ana kipaji na wa kijijini hana. Kwa kweli alichokiona ni tofauti ya miezi sita ya kazi.

Katika Ujiji na sehemu za zamani za Tabora, miji yenye Waislamu wengi tangu zama za misafara, kuna mpango mwingine wa saa: baada ya shule mtoto huenda madrasa. Mara nyingi jambo hili hutajwa kama kizuizi. Lakini lingeweza kutazamwa kwa namna nyingine. Madrasa ni mahali ambapo watoto wa mtaa mmoja hukutana kila siku, kwa saa inayojulikana, chini ya mwalimu anayeaminiwa na wazazi. Timu ya watoto inayopanga mazoezi yake kwa kuzingatia saa hiyo, na ambayo kocha wake amekwenda kuzungumza na mwalimu na wazazi, hupata kile ambacho timu nyingi hukosa, yaani idhini ya nyumbani. Idhini hiyo ni sehemu ya malezi. Mtoto anayekwenda uwanjani kwa kujificha hawezi kuomba nauli, viatu wala dawa ya kifundo kilichoteguka.

4.3 Shule

Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliundwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, ambako michezo ilikuwa sehemu ya kumjenga kijana atakayeongoza. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Mfano huo ulikuwa wa wachache, na hapo mwanzo uliwalenga hasa watoto wa watemi. Hata hivyo ulikubali kanuni moja: kwamba uwanja ni mahali pa kulea, na kwamba mwalimu wa darasani ndiye pia mwalimu wa uwanjani.

Baada ya uhuru kanuni hiyo ilipanuliwa. Sheria ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yakawa daraja la kupandia kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Katika daraja hilo hutumika neno kombaini, yaani timu ya wachezaji bora waliochanganywa kutoka shule mbalimbali. Kwa vijana wengi wa mikoa ya magharibi, kombaini ilikuwa safari yao ya kwanza ya mbali, na mara ya kwanza kuonwa na mtu asiyewajua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa, na yakarejeshwa baada ya miaka kadhaa. Athari za pengo hilo haziwezi kupimwa kwa idadi ya makombe ambayo hayakutolewa. Mwalimu ambaye kwa miaka kadhaa hakutakiwa kuandaa timu aliacha kulinda uwanja, na uwanja usiolindwa hujengwa nyumba. Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya shule yalifanyika Tabora kwenyewe, jambo lililowapa watoto wa mji huo nafasi ya kuwatazama wenzao wa nchi nzima. Lakini mashindano yakiisha, wageni huondoka. Kinachobaki ni shule ileile, mwalimu yuleyule na mipira iliyopo stoo. Mtoto aliyerudi kutoka kombaini bila kuchaguliwa mara nyingi hana timu ya umri wake ya kumpokea.

4.4 Umri na hati: mamluki na kijeba

Maneno mawili yanastahili kuchunguzwa pamoja. Mamluki, neno la asili ya Kiarabu linalohusu askari wa kukodiwa, hutumiwa kwa mchezaji aliyeingizwa katika timu asiyostahili kuichezea. Kijeba ni mtu mwenye umri mkubwa ambaye mwili wake hauuonyeshi. Katika kandanda ni mchezaji aliyepunguza umri ili acheze na watoto. Jamii haiundi majina ya dhihaka kwa mambo yasiyotokea. Kuenea kwa maneno haya mawili ni ushahidi kwamba mashindano ya vijana yamekuwa yakipimwa kwa ushindi kuliko malezi.

Madhara ya kijeba yamejadiliwa zaidi kwa upande wa aibu ya taifa. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, ambazo ilikuwa imefuzu, kwa kosa la kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Yapo madhara mengine yasiyoandikwa magazetini. Kila kijeba mmoja anachukua nafasi ya mtoto mmoja wa umri halisi. Aidha, hata pasipo udanganyifu, wachaguzi huvutiwa na waliowahi kukomaa. Barnsley na wenzake (1985) walionyesha katika magongo ya barafuni ya Kanada kwamba wachezaji waliozaliwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, kwa sababu utotoni walikuwa wakubwa kuliko wenzao wa kundi hilohilo la umri. Pale ambapo tofauti ya miezi kumi ina athari hiyo, tofauti ya miaka mitatu inayoletwa na kijeba haihitaji maelezo.

Tatizo hili lina upande wa pili, nao ni wa mtoto asiyeweza kuthibitisha umri wake wa kweli. Katika vijiji vingi watoto wamekua bila cheti cha kuzaliwa. Katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo katika mkoa wa sasa wa Katavi, jambo hili lilikuwa zito zaidi. Makazi hayo yalianzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Tanzania, wakasoma Kiswahili na kucheza chandimu ileile, lakini bila uraia. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo. Kabla ya hapo, kijana wa Ulyankulu angeweza kuwa bora kuliko wote uwanjani na bado asiweze kuvaa jezi ya taifa. Hapa kipaji kilikuwepo na kilionekana. Kilichokosekana ni karatasi.

4.5 Wasichana

Mambo yote yaliyotajwa humwangukia msichana kwa uzito maradufu. Chandimu huchezwa jioni, saa ambayo msichana hutakiwa kisimani na jikoni. Ndondo ni uwanja wa wanaume. Hata lugha humsahau: mtu akisema "vijana" katika kandanda, msikilizaji huona wavulana, na akitaka kueleweka vingine hana budi kuongeza "wa kike".

Hata hivyo njia imekwisha kufunguliwa. Kigoma Sisterz ilicheza katika Ligi Kuu ya Wanawake ikitoka mwisho wa reli. Mwaka 2022 timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza fainali za Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Timu ya wavulana ya umri huo ilikuwa haijafika hatua hiyo. Mafanikio hayo yanathibitisha hoja yetu kwa namna ya pekee, kwani wasichana wa Kitanzania hawakupata vipaji vipya kati ya kizazi kimoja na kingine. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na ligi, timu ya umri wao, na wazazi walioanza kukubali.

5.0 Nani hutunzwa?

Tumeona kwamba ngazi za mwanzo za malezi zinabebwa na watu wa karibu: mama anayemwachia mtoto jioni moja, mwalimu anayekaa shuleni baada ya saa za kazi, kijana wa mtaani anayekusanya watoto na kuwafunga mpira wa matambara. Sasa tuulize wanapata nini mtoto "anapotoka".

Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la kandanda, FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya malipo hugawiwa vilabu vilivyomfundisha tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi alipotimiza 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 huhesabiwa kuwa asilimia 0.25 ya malipo yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 ni asilimia 0.5. Kanuni hii inakubali jambo ambalo neno kipaji halilisemi, yaani kwamba mchezaji amefundishwa na mtu. Lakini inamtambua tu mwalimu aliye na karatasi. Klabu isiyosajiliwa, au iliyosajiliwa lakini haikumwandikisha mtoto, haimo katika hesabu. Timu nyingi za mchangani ziko nje ya kanuni hiyo, ingawa ndizo zilizobeba miaka ya mwanzo.

Njia za wachezaji mashuhuri zinaonyesha umuhimu wa jambo hili. Mlinda mlango Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, alihamia mashariki ya nchi akiwa bado kijana, akaichezea Moro United, na mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipoitoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Mbwana Samatta, aliyekulia Dar es Salaam, alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Katika uhamisho wa aina hii kila mwaka ulioandikwa una bei yake, na usioandikwa hauna.

Vilabu vya Tabora vyenyewe vimekuwa na historia ya kupanda na kushuka. Milambo ilishiriki ligi ya juu katika miaka ya 1990. Rhino Rangers, timu ya jeshi, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Timu iliyojulikana kama Kitayosce ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kucheza kwa jina la Tabora United katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 2025 jina hilo likabadilishwa kuwa TRA United. Kuwapo kwa timu ya Ligi Kuu mjini kuna manufaa: watoto humwona mchezaji wa kweli kwa macho yao. Lakini timu inayotakiwa kushinda Jumamosi hii husajili waliokwisha kulelewa kwingine. Mji unaweza kuwa na timu kubwa na bado watoto wake wakakosa mahali pa kucheza baina ya miaka 14 na 17.

Hapa tofauti na upagazi inajitokeza. Mpagazi alitoka na kurudi, na kijiji kilichomlea kilipata sehemu ya faida ya safari. Kijana wa kandanda hutoka, na akishindwa huko aendako huona aibu kurudi. Akifaulu, waliomlea hubaki na picha yake gazetini. Katika hali hiyo si rahisi kumlaumu kocha wa mchangani anayempeleka mtoto wa miaka 15 kwa dalali wa wachezaji. Hajapewa sababu ya kumtunza.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba upungufu wa wachezaji kutoka njia ya Tabora hauwezi kuelezwa kwa upungufu wa kipaji. Chandimu ipo, mji una ukubwa unaofaa, na historia ya eneo inaonyesha jamii iliyojua kumlea mtoto kwa mzigo unaolingana na mwili wake. Kinachokatika ni mfuatano wa malezi, hasa katika miaka ya 14 hadi 17, na kinakatwa na mambo ya kijamii: kalenda ya tumbaku, shule isiyo na mwendelezo baada ya kombaini, umri usiothibitika, jinsia, na mfumo usiowatambua waliolea.

Kutokana na hayo, mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, vyama vya wilaya viandikishe timu za watoto za mitaani na wachezaji wake kila mwaka, hata kama timu hizo hazina ofisi, ili miaka ya malezi iwe na kumbukumbu. Pili, ligi za vijana vijijini zipangwe kwa kufuata kalenda ya kilimo, na mchujo usiwe wa siku moja. Tatu, mtoto apatiwe cheti cha kuzaliwa mapema, maana hati ya kweli ndiyo dawa ya kijeba na pia ndiyo kinga ya mtoto mwenye umri halali. Nne, wachaguzi watenganishe ukubwa wa mwili na uwezo wa mchezo, ikiwezekana kwa kuwachezesha watoto katika makundi ya ukomavu badala ya umri pekee.

Kwa upande wa wanafunzi wa lugha, liko jukumu la ziada. Msamiati wa kandanda umeingia katika kamusi zetu kama orodha ya majina ya vitu: goli, kona, penalti. Umefika wakati wa kuusoma kama kumbukumbu ya mahusiano ya watu. Neno kijeba lina habari za mtoto aliyenyimwa nafasi; kombaini ina habari za safari ya kwanza; kutoka kuna habari za mji ambao vijana wake wamefundishwa kwamba thamani yao iko kwingine. Na ikiwa bado tunataka methali ya wahenga iwe ya kweli, itabidi tuanze na maana ya pili ya kitenzi chake. Mcheza kwao hawezi kupata tuzo ikiwa kwanza hakutunzwa.